Ubadilishaji wa vipimo vya unga

Ubadilishaji wa vipimo vya unga ni hesabu ya kugeuza kiasi cha unga kilichotajwa kwa mjao (yaani kwa vikombe, vijiko au mililita) kiwe kiasi kilichotajwa kwa uzito (yaani kwa gramu, kilogramu, wakia au ratili), au kinyume chake. Hesabu hii huhitajika sana katika uokaji wa mikate, keki, maandazi na vyakula vingine vya unga, kwa sababu maelekezo ya mapishi kutoka nchi mbalimbali hutumia vipimo tofauti. Mapishi ya Marekani kwa kawaida hutaja vikombe. Mapishi ya Ujerumani, Ufaransa na Italia hutaja gramu. Vitabu vya zamani vya Uingereza hutaja ratili na wakia.

Kwa maji hesabu ni rahisi, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa karibu gramu moja. Kwa unga si hivyo. Kikombe kilekile kinaweza kubeba gramu 110 za unga wa ngano au gramu 150, kulingana na jinsi kilivyojazwa. Tofauti hiyo inatosha kufanya mkate uwe mgumu au donge lishindwe kushikika mikononi.

## Mjao, masi na densiti

Mjao ni nafasi ambayo kitu huchukua; hupimwa kwa lita na mililita. Masi ni kiasi cha mata kilichomo ndani ya kitu. Hupimwa kwa gramu na kilogramu. Katika lugha ya kila siku masi huitwa "uzito", na ndivyo neno hilo linavyotumika katika makala hii.

Kiungo kati ya vipimo hivi viwili ni densiti, yaani masi iliyomo katika kila kizio cha mjao:

masi = densiti × mjao

Uhusiano wa maji na gramu haukutokea kwa bahati. Ufaransa ilipoweka mfumo wa mita mwaka 1795, gramu ilifafanuliwa kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji. Tangu hapo ufafanuzi rasmi umebadilika, lakini thamani yenyewe imebaki karibu ileile. Kwa hiyo densiti ya maji ni karibu gramu 1 kwa mililita.

Unga hauna densiti moja isiyobadilika, kwa sababu si kitu kimoja kizima: ni chembe ndogo zenye hewa katikati yake. Chembe yenyewe ya unga wa ngano ni nzito kuliko maji. Densiti yake ni karibu gramu 1.4 hadi 1.5 kwa mililita. Lakini unga ukiwa ndani ya kikombe, densiti yake ni karibu gramu 0.5 tu kwa mililita, maana zaidi ya nusu ya nafasi iliyomo kikombeni ni hewa. Ukitikiswa au kushindiliwa, hewa hutoka, chembe husogeleana, na unga mwingi zaidi huingia katika nafasi ileile.

## Kikombe ni kiasi gani?

Ugumu wa kwanza ni kwamba neno "kikombe" halina maana moja duniani. Vikombe vya kupimia vinavyotumika zaidi ni hivi:

- Kikombe cha kawaida cha Marekani: mililita 237 (kwenye lebo za vyakula huhesabiwa kuwa mililita 240)
- Kikombe cha mfumo wa mita, kinachotumika Australia na kwingineko: mililita 250
- Kikombe cha zamani cha Uingereza, ambacho ni nusu painti: mililita 284
- Kikombe cha kupikia cha Japani: mililita 200

Vijiko navyo hutofautiana. Kijiko cha chai huhesabiwa kuwa mililita 5 karibu kila mahali. Kijiko kikubwa ni mililita 15 katika nchi nyingi, lakini Australia ni mililita 20.

Zaidi ya hayo, katika majiko mengi ya Afrika Mashariki "kikombe" ni kikombe chochote cha chai kilichopo kabatini. Vikombe hivyo havikutengenezwa kwa ajili ya kupimia, na ukubwa wake hutofautiana sana. Mpishi anayetumia kikombe chake kilekile kila siku hapati shida, kwa kuwa mkono wake umekizoea. Shida huanza mapishi yanapohamia nyumba nyingine yenye kikombe kingine.

## Sababu za uzito kubadilika

Hata kikombe kikiwa kimoja, uzito wa unga uliomo hutegemea mambo yafuatayo.

Namna ya kujaza. Ziko njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kuchota moja kwa moja, yaani kikombe kuzamishwa ndani ya unga. Kitendo hicho hushindilia unga na kuongeza uzito. Ya pili ni kujaza kwa kijiko: unga huvurugwa kwanza ili uingie hewa, humiminwa kikombeni kwa kijiko bila kushindiliwa, kisha juu hufutwa kwa mgongo wa kisu. Ya tatu ni kuchekecha unga ukiangukia kikombeni, kisha kuufuta. Njia hii huingiza hewa nyingi na kutoa uzito mdogo kuliko zote.

Kilele au mfuto. Kikombe kilichojaa hadi kufanya kilele hubeba zaidi kuliko kilichofutwa sawa na ukingo. Waswahili wa pwani walitambua jambo hili zamani: katika kupima nafaka walitofautisha kibaba cha tele, kilichorundikwa, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa. Mapishi ya kisasa yakisema "kikombe" bila maelezo zaidi huwa yanakusudia kikombe cha mfuto.

Aina ya unga. Unga wa mchele huwa mzito kuliko unga mweupe wa ngano kwa mjao uleule. Unga wa dengu uliochekechwa huwa mwepesi. Kiasi cha pumba na usagaji, kama ni laini au wa chengachenga, pia huathiri.

Kukaa ghalani. Unga uliosafirishwa na kupangwa kwenye rundo la mifuko hushindiliwa. Unga wa mfuko uliofunguliwa sasa hivi unaweza kuwa mzito kwa kikombe kuliko uliokwisha kumiminwa ndani ya kopo.

Unyevu. Unga huvuta maji kutoka hewani. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kinaruhusu unga wa ngano uwe na unyevu usiozidi asilimia 15.5. Jambo hili huathiri hata anayetumia mizani, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Jedwali la makadirio

Jedwali hili linaonyesha uzito wa kikombe kimoja cha mililita 237. Namba ni makadirio. Ndiyo maana nyingi zimeandikwa kama masafa. Vitabu na viwanda vya unga hutofautiana kidogo kwa sababu kila kimoja hufuata namna yake ya kujaza.

| Kitu | Gramu kwa kikombe |
|---|---|
| Unga mweupe wa ngano, uliochekechwa kikombeni | 110–115 |
| Unga mweupe wa ngano, uliojazwa kwa kijiko na kufutwa | 120–125 |
| Unga mweupe wa ngano, uliochotwa moja kwa moja | 140–150 |
| Unga wa ngano usiokobolewa | 113–120 |
| Unga wa mahindi | 120–140 |
| Unga wa mtama | 120–138 |
| Unga wa mchele | 140–160 |
| Unga wa dengu, uliochekechwa | 85–92 |
| Sukari nyeupe (kwa kulinganisha) | 200 |
| Maji (kwa kulinganisha) | 237 |

Kwa kikombe cha ukubwa mwingine, namba hizi huzidishwa kwa mjao wa kikombe hicho na kugawanywa kwa 237. Kwa mfano, kama kikombe cha mililita 237 kina gramu 120, kikombe cha mililita 250 kitakuwa na gramu 120 × 250 ÷ 237, yaani karibu gramu 127. Kikombe cha Kijapani cha mililita 200 kitakuwa na gramu 101 hivi.

Kikombe cha Marekani kina vijiko vikubwa 16. Kwa hiyo kijiko kikubwa cha mfuto cha unga mweupe wa ngano kina gramu 7.5 hadi 8.

## Mifano ya hesabu

Kutoka vikombe kwenda gramu. Mapishi ya mkate kutoka Marekani yanataka vikombe 3 vya unga wa ngano na kikombe 1¼ cha maji. Maji ni 1.25 × 237, yaani gramu 296. Kwa unga kuna majibu mawili:

- Ukijazwa kwa kijiko: 3 × 120 = gramu 360
- Ukichotwa moja kwa moja: 3 × 150 = gramu 450

Waokaji hupima ulaini wa donge kwa kugawa uzito wa maji kwa uzito wa unga. Katika hali ya kwanza maji ni asilimia 82 ya unga. Donge litanata mikononi na kutanuka lenyewe juu ya meza. Katika hali ya pili maji ni asilimia 66. Donge litakandika na kushika umbo. Wapishi wawili wamefuata maandishi yaleyale, wote wamepima vikombe vitatu, na bado wana madonge mawili yasiyofanana. Ndiyo sababu ni lazima kujua mwandishi wa mapishi alijaza vipi kikombe chake. Vitabu vingi hueleza hilo katika kurasa za mwanzo, na baadhi huandika uzito wa kikombe wanaoutumia.

Kutoka gramu kwenda vikombe. Mapishi yanataka gramu 500 za unga wa ngano, na jikoni hakuna mizani. Ikiwa kikombe kina gramu 120, basi 500 ÷ 120 ni vikombe 4.17. Sehemu ya 0.17 ya kikombe ni 0.17 × 16, yaani vijiko vikubwa karibu 2¾. Jibu ni vikombe 4 na vijiko vikubwa 2¾.

Kutoka wakia kwenda gramu. Wakia moja ya uzito ni gramu 28.35, na ratili moja yenye wakia 16 ni gramu 453.6. Mapishi ya wakia 12 za unga yanahitaji gramu 340. Hapa ni uzito kwa uzito, kwa hiyo namna ya kujaza kikombe haihusiki.

## Kupata namba ya kikombe cha nyumbani

Jedwali husaidia, lakini namba bora ni ile ya kikombe, unga na mkono wa mpishi mwenyewe. Mwenye mizani anaweza kuipata hivi:

1. Kuweka kikombe kitupu juu ya mizani na kuirudisha mizani kwenye sifuri.
2. Kujaza unga kwa njia yake ya kawaida, kuufuta, na kuandika uzito.
3. Kumwaga unga na kurudia mpaka mara tano.
4. Kujumlisha majibu na kugawa kwa tano.

Tuseme majibu ni gramu 128, 133, 125, 131 na 133. Jumla ni 650, na wastani ni gramu 130. Majibu yenyewe yanaonyesha pia kiasi ambacho mkono hubadilika: hapa ni gramu 8 kati ya kipimo kidogo na kikubwa.

Asiye na mizani anaweza kutumia pakiti ya unga kama jiwe la mizani, kwa kuwa uzito wake umeandikwa. Pakiti mpya ya kilo 1 humiminwa ndani ya bakuli kubwa na kuvurugwa, kisha huhesabiwa ni vikombe vingapi vya mfuto vinavyotoka. Vikitoka vikombe 8, kila kimoja ni gramu 1000 ÷ 8, yaani 125. Vikitoka vikombe 6½, kila kimoja ni gramu 154 hivi. Kwa pakiti ya kilo 2 hesabu ni ileile, na kosa dogo la kikombe cha mwisho hupungua.

Mjao wa kikombe chenyewe unaweza kupimwa kwa chupa ya maji ya mililita 500. Ikijaza kikombe mara mbili kamili, kikombe hicho ni mililita 250.

## Historia

Kupima unga kwa vikombe si desturi ya zamani sana hata huko Marekani. Kitabu cha Amelia Simmons kilichochapishwa mwaka 1796, kinachotajwa kuwa kitabu cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani, kina keki inayotengenezwa kwa ratili moja moja ya sukari, siagi na unga, pamoja na mayai ya uzito huohuo. Keki kama hiyo ipo Ufaransa pia, ambako jina lake lina maana ya "robo nne".

Katika karne ya 19 familia nyingi za Marekani zilipima kwa vikombe vya chai, bilauri na vijiko vya nyumbani, na maelekezo yalitaja hata "kiasi cha yai" la siagi. Mabadiliko makubwa yanahusishwa na Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi ya Boston, ambaye mwaka 1896 alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza vikombe na vijiko vya ukubwa maalumu vilivyofutwa sawa na ukingo. Kitabu hicho kilienea sana, na vikombe vya mfuto vikawa kawaida ya majiko ya Marekani. Nchi za Ulaya bara zilizokuwa zimepokea mfumo wa mita ziliendelea na mizani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki nafaka ilipimwa kwa mjao kwa karne nyingi. Vibaba viwili hufanya kisaga, na vibaba vinne hufanya pishi. Methali "Haba na haba hujaza kibaba" imetoka katika upimaji huo. Pishi bado inatajwa kila mwaka mwishoni mwa Ramadhani, kwa sababu zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu. Siku hizi chakula hununuliwa kwa kilo, hivyo pishi inabidi igeuzwe kuwa uzito, na kiasi kinachotajwa mara nyingi ni kati ya kilo 2.5 na 3. Sababu moja ya kutofautiana ni ileile iliyoelezwa hapo juu: pishi ya mchele, pishi ya tende na pishi ya unga hazilingani kwa uzito.

Sokoni nako mjao na uzito hukutana kila siku. Nchini Kenya na Tanzania nafaka na unga huuzwa kwa debe na makopo mbalimbali, likiwemo lile linaloitwa gorogoro nchini Kenya, ambalo kwa mahindi huchukuliwa kuwa karibu kilo 2. Kopo lililobonyezwa kitako au unga uliorushwarushwa ili uingie hewa humpunguzia mnunuzi. Kilele kikubwa juu ya debe, au lumbesa juu ya gunia, humpunguzia mkulima. Mizani humwondolea kila mmoja nafasi ya kumpunja mwenzake kwa njia hizo.

## Mipaka ya mizani

Kupima kwa uzito hupunguza makosa, lakini hakuyamalizi. Gramu 500 za unga wenye unyevu wa asilimia 12 zina gramu 440 za unga mkavu. Zikiwa na unyevu wa asilimia 14 zina gramu 430. Unga uliokaa wazi mahali penye hewa ya unyevunyevu, kama mijini pwani wakati wa mvua, unaweza kuhitaji maji kidogo pungufu. Hata hivyo tofauti hiyo ya gramu 10 ni ndogo ikilinganishwa na ile ya gramu 30 kwa kila kikombe inayoletwa na namna ya kujaza.

Kwa viungo vya kiasi kidogo sana, kijiko kinaweza kuwa bora kuliko mizani ya kawaida ya jikoni. Kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu ya chembe ndogo kina gramu 3 hivi. Mizani inayosoma gramu nzima tu inaweza kukosea karibu gramu moja, ambayo ni theluthi ya kiasi chote.

## Makosa ya kawaida

- Kuhesabu unga kama maji. Mtu husoma kwamba kikombe ni mililita 240, kisha hupima gramu 240 za unga. Hicho ni karibu mara mbili ya unga unaotakiwa.
- Kuchanganya wakia mbili. Marekani kuna wakia ya uzito (gramu 28.35) na wakia ya vimiminika (mililita 29.6). Kikombe kina wakia 8 za vimiminika, lakini kikombe cha unga kina uzito wa wakia 4¼ hivi tu.
- Kutumia namba moja kwa unga wote. Gramu 120 za ngano hazifai kuhamishiwa kwenye mchele au dengu.
- Kutotazama mahali neno "chekecha" lilipo. "Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa" maana yake ni kuchekecha kwanza, ndipo kupima. "Kikombe kimoja cha unga, uchekechwe" maana yake ni kupima kwanza, ndipo kuchekecha. Tofauti inaweza kufika gramu 10 hadi 40 kwa kikombe.
- Kuchanganya mifumo katika mapishi mamoja. Unga ukipimwa kwa gramu na maji kwa kikombe cha ukubwa usiojulikana, faida ya mizani hupotea. Ni afadhali vyote viwili vipimwe kwa gramu.